Siku Niliyoandika Nisichokisikia

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, doti ya kitenge na ombi. Saa iko sebuleni, kitenge kiko kwa fundi, na ombi lenu ndilo hili ninalolijibu sasa: niwaandikie, nyinyi mliobaki kwenye meza ya vikao, yale niliyojifunza tangu siku ya kwanza. Nimechelewa, nisameheni. Tangu nistaafu, nikishakunywa chai ya asubuhi hukaa barazani hapa Nakwa nikiutazama mlima Kwaraa. Wingu lake likianza kushuka, na mimi hushuka nalo. Nikishtuka ni saa sita, kalamu iko palepale. Miaka yote nilikuwa naandika mambo ya watu wengine, yakaja kwa mpangilio wa ajenda. Haya yangu yanakuja kama ukungu wa ziwani: unaliona paa, nyumba huioni.

Nitajaribu kwenda kwa mfuatano.

Kwetu ni Mbulu, kule juu kwenye baridi, kwa wakulima wa ngano na maharage. Niliposhuka Babati nilikuwa na cheti cha ukatibu muhtasi, blanketi la mama, na barua ya ajira niliyoikunjua na kuikunja njiani hadi mikunjo ikatoboka. Nakumbuka joto kwanza, kisha ziwa. Sikuwahi kukaa mahali ambapo ukitoka ofisini unaona maji yote yale yametulia, na viboko wamelala ndani yake kama mawe yanayopumua. Wiki za kwanza nilikuwa nasimama dirishani nikiyatazama mpaka mtu anikoholee.

Chumba chetu kilikuwa kirefu, kina makabati ya chuma na harufu ya wino wa mashine ya kudurufu. Kompyuta ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mtoto mchanga. Aliyeruhusiwa kuifunua alikuwa mtu mmoja tu, naye alikuwa likizo. Mimi nilipewa taipureta ambayo herufi yake ya "r" ilikuwa imechoka, ikawa barua zote za mwaka ule zinasomeka kama zimeandikwa na mtu mwenye kithembe.

Bwana wa chumba kile alikuwa Mzee Elinaja, mwandishi wa vikao, Mpare wa milima ya Same. Alikuwa mrefu, mtaratibu, shati jeupe la mikono mirefu limefungwa vifungo vyote hata jua likiwaka. Aliniangalia, akakiangalia cheti changu.

"Umesomea hati mkato?"

"Ndiyo, mzee."

"Itakusaidia kuandika haraka," akasema. "Haitakusaidia kujua cha kuacha."

Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza, nami nawarithisha kama nilivyolipata. Diwani anaweza kusimama akaongea kuanzia barabara ya kwao, akapita kwenye msiba wa jirani, akaishia kwenye mbolea. Ukiandika yote umeandika hadithi. Kikao hakihitaji hadithi, kinahitaji kujua kimeamua nini. "Walichosema wataondoka nacho," Mzee Elinaja alizoea kuniambia. "Walichoamua wanakuachia wewe."

Alinifundisha maneno matano, akanifanya niyaandike ndani ya jalada la daftari langu: kupokea, kujadili, kushauri, kuridhia, kuagiza. Alisema serikali nzima inatembea juu ya maneno hayo, na mwandishi anayeyachanganya ni sawa na dereva anayechanganya breki na mafuta. Siku moja nilimuuliza tofauti ya kupokea na kuridhia, maana kwangu yalikuwa maneno mawili ya heshima kwa jambo lilelile.

"Mtu amekuletea kuku," akasema. "Umempokea, umemfunga mguu uani. Umekula?"

"Hapana."

"Ukiridhia, umeshachemsha maji ya kumnyonyolea."

Kazi yenyewe mnaijua. Kukusanya taarifa kutoka kwa wataalamu, ambao wote wanakuahidi kesho. Kuzipanga, kuzidurufu, kuzibana, kuzipeleka. Siku hizo makabrasha yalikwenda kwa baiskeli, na mara nyingine nilikwenda mwenyewe hadi Mutuka, njia ya vumbi katikati ya alizeti zilizogeuza nyuso zote upande mmoja kama waumini. Nilikuwa naimba nikipiga pedali. Nilidhani nimebeba maneno mazito sana. Baadaye niligundua kwamba kabrasha likifika hufunguliwa kwanza ukurasa wa ratiba, kuangalia saa ya chai.

Sasa nifike kwenye siku ile, maana bila hiyo sina cha kuwafundisha.

Nilikuwa na miezi mitatu kazini. Kamati inayoshughulikia mipango ya mji ilikuwa na kikao, msimu wa masika, na asubuhi hiyo Mzee Elinaja akatuma ujumbe kwamba anaumwa. Nikaingia peke yangu. Nilivaa sketi yangu ya Jumapili. Nilichonga penseli nne nikazipanga mezani kama askari.

Ajenda ya sita ilihusu eneo la mnada mpya wa mifugo. Mnada wa zamani ulikuwa umebanwa na nyumba, ng'ombe wanapita milangoni kwa watu. Afisa mipango alitundika ramani ukutani, nzuri, ya rangi, akaonyesha eneo alilopendekeza upande wa Sigino. Alisema ni tambarare na liko karibu na barabara. Madiwani wakaanza kuchangia. Na hapo mvua ikashuka.

Mmeikuta ofisi ina dari. Wakati ule ukumbi ulikuwa na bati tupu. Mvua ya masika ikipiga, husikii hata wazo lako. Niliona midomo inafunguka na kufungwa. Niliona mikono inanyooka, kidole kimoja kikielekea ramani, watu wakicheka, mmoja akitikisa kichwa. Ziwa lilikuwa limepotea dirishani, kumebaki weupe tu. Sitawaficha: nilitoka pale. Mwili ulibaki umeshika penseli, lakini mimi nilikuwa Mbulu, chini ya blanketi, mdogo, mvua inapiga na mama anachochea moto. Sijui nilikaa huko muda gani. Niliporudi, mvua ilikuwa inapungua na mwenyekiti wa kamati alikuwa anasema, "Basi, ajenda ya saba."

Nilipaswa kunyoosha mkono. Ni jambo dogo kama kufukuza nzi. Lakini nilikuwa mgeni, binti, peke yangu, na niliona aibu. Nikaacha nafasi kwenye daftari, upana wa vidole vitatu, nikaendelea na ajenda ya saba.

Jumatatu nikaitazama ile nafasi. Niliwaza kumuuliza mwenyekiti, nikaona atanidharau. Kisha nikaisoma taarifa ya afisa mipango, ambayo mwishoni iliandikwa kama zinavyoandikwa zote: kamati inaombwa kuridhia. Ramani ilikuwa nzuri. Watu walicheka. Nikajiambia, kama wangekataa, wasingecheka. Nikaandika, "Kamati iliridhia." Kwenye rasimu vidole vitatu vikajaa; daftarini vilibaki vyeupe.

Mzee Elinaja alirudi, akasoma rasimu yangu kurasa zote, akasahihisha koma mbili na kuweka herufi za jina lake pembeni. Kikao kilichofuata mwenyekiti aliuliza kama muhtasari una marekebisho. Diwani mmoja akalalamika kwamba jina lake limekosewa. Tukalirekebisha. Ukathibitishwa, ukasainiwa, ukapigwa muhuri, ukapanda hadi Baraza, nalo likapitisha. Nilijisikia mtu mzima.

Masika ikaisha, baridi ya mwezi wa saba ikaja. Asubuhi moja nilikuwa nabana karatasi, mlango ukafunguka akaingia mama mmoja wa makamo, mwembamba, miguu ina vumbi hadi magotini, shuka begani. Chini ya shuka alikuwa amebeba kitu kirefu kama mtu anavyobeba mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akakitoa, akakilaza mezani kwangu juu ya karatasi. Kilikuwa kigingi cha mti, kimepakwa rangi nyekundu kichwani, bado kina udongo.

"Nimewaletea mti wenu," akasema. "Umeota shambani kwangu."

Alikuwa anaitwa Mama Emanueli, mjane. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta, kila neno analipima kabla ya kuliweka. Nilipoisikia lafudhi yake nilimwambia kwa lugha yetu ya Mbulu akae. Uso wake ukabadilika, akakaa, na maneno yakaanza kutoka kama maji. Shamba lile la Sigino lilikuwa la mume wake na baba wa mume wake. Alilima mahindi na mbaazi. Mume wake alikuwa amezikwa pale, na watoto wake wawili waliokufa wadogo, pembeni mwa mgomba. Vijana walikuwa wamekuja na kamba na nyundo wakapiga vigingi, kimoja hatua tatu tu kutoka makaburini. Alipouliza, walimjibu kwamba na wao wameagizwa tu. Alipokwenda kwa mtendaji wa kata, akaambiwa kikao kimekubali.

"Nimekuja kukiona hicho kikao," akasema. "Kinakaa wapi?"

Nilitaka kucheka, sikuweza. Alikuwa anauliza kwa dhati kabisa. Nikamwambia kikao si mtu, ni watu wengi.

"Basi wako wengi, na hakuna aliyekuja kuniuliza jina?"

Nilimpa maji. Nikafungua kabati, nikatoa jalada, nikamsomea mwenyewe, kwa sauti, nikitafsiri. "Kamati iliridhia eneo lililopendekezwa." Hapo ndipo nilipoikumbuka ile nafasi. Nikachukua daftari langu la kikaoni, nikarudi nyuma kurasa hadi ajenda ya sita. Nafasi ilikuwa pale. Vidole vitatu vya karatasi nyeupe.

Mama Emanueli hakujua kusoma, lakini alinitazama mimi, siyo daftari.

"Umeona nini?" akauliza.

"Sijaona kitu, mama," nikasema. Ulikuwa ndio ukweli.

Nilimwomba anipe siku chache. Akaondoka, akaniachia kigingi.

Jioni hiyo nilimfuata diwani mmoja niliyekuwa nikimwamini, nikamuuliza kijuujuu, mheshimiwa, lile la mnada tuliamuaje? Akanijibu bila kusita: "Tuliridhia. Si ulituandikia mwenyewe?" Nikamwuliza wa pili. Akasema anakumbuka waliahirisha, kisha akakunja uso, akasema hapana, nadhani tulipitisha, niliisoma. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nimedhani ukweli uko mahali fulani umekaa, nami ni kuufuata tu. Kumbe wote walikuwa wanakumbuka kile nilichokiandika. Ndoto yangu ya mchana ilikuwa imekuwa kumbukumbu ya watu wazima.

Asubuhi nilimweleza Mzee Elinaja. Nilifunga mlango kwanza. Nikamwonyesha daftari na kigingi. Alisikiliza akiwa amesimama, mikono nyuma, na nilipomaliza alikaa chini taratibu kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi.

"Muhtasari umethibitishwa," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na herufi za jina langu zipo."

"Zipo."

Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Nililijua hilo, naye alijua kwamba najua. Nikasema kama akiniambia ninyamaze, nitanyamaza. Najuta hadi leo kwamba nilimtupia mzigo huo, lakini ndivyo nilivyosema.

Alilivuta daftari, akaipima ile nafasi kwa vidole vyake. Nje mtu alikuwa anafagia uwanja, chwa, chwa, chwa. Kisha akauliza, "Utawaambia nini? Kwamba walikataa?"

"Sijui kama walikataa."

"Basi utawaambia nini?"

"Kwamba sikusikia."

Akaniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, kama vile nimetaja jina la mtu wake wa karibu. "Andika hivyo," akasema. "Usiongeze neno. Usilaumu mvua." Akavuta kiti chake, akachukua koti lake lililokuwa msumarini, akalivaa. "Nakwenda na wewe."

Mkurugenzi wa wakati ule alikuwa mama mmoja wa sauti ya chini, na sauti ile ilivyozidi kushuka ndivyo watu walivyozidi kuogopa. Alisoma dokezo langu la mistari mitano. Akalisoma tena.

"Binti, unajua kwamba vigingi vimeshapigwa?"

"Ndiyo, mama. Kimoja ninacho."

Akanyanyua macho. Mzee Elinaja akaingilia, akasema rasimu aliipitia yeye. Mkurugenzi akatuambia tutoke, akabaki na lile dokezo. Baadaye akatuita, akasema jambo hili litarudi kwenye kamati, na nitalisema mimi mwenyewe kwa mdomo wangu.

Nimesimama mbele ya vikao vingi baada ya hapo, lakini sijakisahau kile kimoja. Mwenyekiti alinipa nafasi. Nikasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, kwenye ajenda ya sita ya kikao kile, niliandika kwamba kamati iliridhia. Sikusikia kamati ilivyoamua. Niliandika nisichokisikia." Nikanyamaza, maana nilikuwa nimeambiwa nisiongeze neno.

Diwani mmoja akacheka. "Sasa kama karani hasikii, sisi tunakuja hapa kuongea na bati?"

Mwenyekiti hakucheka. Akauliza, "Nani anakumbuka tuliamua nini?" Wanne wakasema tulipitisha. Watatu wakasema tulimwagiza afisa akakutane kwanza na wenye mashamba. Wakaanza kubishana, sauti zikapanda, mtu akapiga meza. Diwani mmoja mzee aliyekuwa hajasema chochote tangu asubuhi akanyoosha mkono.

"Mimi sikumbuki kama nilikubali au nilikataa," akasema. "Lakini nakumbuka vizuri kwamba hatukwenda kuona."

Kwa hiyo tukaenda kuona.

Safari ile naiona mpaka leo kama picha iliyooshwa kwa maji. Lori la halmashauri limebeba waheshimiwa na suti zao, wameshikilia kingo, vumbi limetufunika wote sawa. Mbaazi zilikuwa zimekomaa, zinachakacha upepo ukipita, na nyuma yake Kwaraa bluu kabisa, bila wingu. Mama Emanueli alikuwa ameazima mabenchi ya kanisa la kigango, ameyapanga mbele ya nyumba yake. Alikuwa amevaa nguo zake za kanisani. Hakulia, wala hakupiga kelele. Alimsalimia kila mmoja kwa mkono, na kila aliyemsalimia alimwuliza jina, akalirudia, kama anataka likae.

Kisha akawatembeza kwenye mpaka wote wa shamba. Mimi nilikuwa natafsiri, nikitembea katikati yake na mwenyekiti. Hapa mtaro aliouchimba mume wangu. Hapa jiwe, baba mkwe alishindwa kuling'oa, tukalizoea. Alipofika makaburini akasimama, na waheshimiwa wakavua kofia. Nilisikia mbaazi.

Afisa mipango, aliyekuwa kijana mwaminifu, alikuwa anageuzageuza ramani yake. Mwishoni akasema, "Kwenye ramani hili lilikuwa nyasi."

Hatukurudi na ushindi. Msidanganywe na wanaosimulia kazi zao kama vita. Mnada ulihitajika kweli. Ng'ombe walikuwa wameshamkanyaga mtoto mjini. Madiwani wakajadili palepale, kwenye mabenchi, na mimi nikaandika, safari hii kila azimio nikiwasomea kwa sauti kabla sijahamia lingine. Mnada ukasogezwa mbele, kwenye ardhi ya mawe isiyolimwa. Lakini mifugo ilihitaji njia, na njia ikapita ukingo wa chini wa shamba la Mama Emanueli, ikala mistari kadhaa ya mbaazi. Mwenyekiti akamwuliza kama anakubali. Nikatafsiri.

Aliutazama ule ukingo.

"Wapite," akasema. "Sasa nimeulizwa."

Nikaandika: kamati iliridhia. Daftari lilikuwa juu ya goti, mwandiko wa ukurasa ule ni mbaya kuliko wote niliowahi kuandika.

Baada ya hapo nilisubiri barua ya onyo. Kila bahasha ya kahawia iliyoingia, niliigeuza kutafuta jina langu. Wiki zikapita, miezi ikapita, haikuja. Nikadhani mkurugenzi amenionea huruma, au karatasi imepotea, maana karatasi hupotea. Mzee Elinaja akastaafu mwisho wa mwaka. Tulimwandalia chai na pilau. Hakutoa hotuba, alisema tu, "Nawaachia karani anayeuliza," akapanda basi la kwenda kwao, nami nikahamia kwenye meza yake.

Miaka ikaenda. Sitawachosha nayo, mnaijua: kompyuta zikawa nyingi, zikaja meza za vioo, vikaja vishikwambi ambavyo waheshimiwa walivitumia kwanza kupigia picha chai. Wenyeviti walipokezana. Nikawa yule mama anayenyoosha mkono. "Mheshimiwa, naomba kurudia azimio." Kuna waliokasirika. Mmoja aliniita mkwamo. Lakini nawaambieni, nilipowarudishia maneno yao, mara nyingi waliyabadilisha. Mtu akisikia alichoamua kwa sauti ya mwingine, hukishangaa.

Ilipobaki miaka michache nami nistaafu, tuliagizwa kuhamisha majalada ya wastaafu wa zamani. Jalada la Mzee Elinaja lilikuwa limeoza mgongo. Nilipolinyanyua karatasi zikateleza sakafuni, nikaanza kuziokota kwa mpangilio wa tarehe. Mojawapo ilikuwa barua ya onyo. Niliisoma nikiwa nimepiga magoti. Ilimwonya yeye, kwa uzembe wa kuandika azimio lisilokuwepo. Juu yake kulikuwa na dokezo kwa mwandiko wake uliosimama wima: "Karani aliachwa peke yake kwa uamuzi wangu. Kosa ni langu. Onyo liandikwe kwa jina langu, na yeye asijulishwe."

Jumamosi ile nilipanda basi hadi Same, nikabadilisha gari, nikapanda milima. Nilikuta mzee mdogo kuliko nilivyomkumbuka, ameketi kwenye kiti cha kamba mbele ya migomba, shati jeupe, vifungo vyote. Mjukuu wake wa kike aliniambia niseme karibu na sikio la kulia, maana la kushoto limekufa kabisa.

Nilipiga magoti, nikasema, "Shikamoo, mzee. Ni Paskalina wa vikao."

"Marahaba," akasema, akashika mkono wangu na kuung'ang'ania. "Unaandika bado?"

Nikamwambia nimeona barua. Nikaanza kumshukuru. Yeye akatikisa kichwa, siyo kwa unyenyekevu, kwa kukataa kabisa.

"Usinishukuru. Siku ile sikuwa naumwa."

Nikadhani sijaelewa.

"Masikio yangu yalikuwa yanaondoka," akasema. "Tangu miaka miwili kabla hujafika. Nilikuwa naandika kwa kutazama midomo, nikishindwa nawauliza madiwani wakati wa chai, kwa ujanja, ili wasijue. Kikao kile asubuhi wingu lilikuwa zito. Nilijua mvua itakuja, na ikija nitabaki mtupu kabisa. Nikatuma kwamba naumwa. Nikakuachia wewe."

Migomba ilikuwa inatikisika polepole juu yetu. Nilisikia kijito mahali fulani chini, ambacho najua yeye hakukisikia.

"Kisha wewe ukaja," akaendelea, "miezi michache kazini, ukafunga mlango, ukasema neno nililoshindwa kulisema miaka miwili. Ungekuwa wewe ni mimi, ungeacha onyo lile liende kwa nani?"

Nilimwuliza, karibu na sikio, kama kuna muhtasari mwingine aliowahi kuujaza kwa kukisia. Alifumba macho. Kisha akanyoosha kidole kimoja, akaongeza cha pili.

"Upo wa Mutuka," akasema. "Kuhusu kisima. Na mwingine wa njia ya shule. Nitakuambia miezi."

Nikafungua mkoba wangu, nikatoa daftari na penseli. Alisema taratibu, nami nikaandika. Nilipomaliza nikasogea kwenye sikio lake la kulia, nikamsomea kila neno kama lilivyo, kwa sauti, hadi mjukuu wake akatoka ndani kuona nani anagombana. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hapo kwenye kisima, andika kwamba sikusikia."

Nikaandika. Jumatatu niliingia ofisini mapema kuliko wote, nikaliweka dokezo mezani kwa mkurugenzi. Wiki hiyo hiyo tukaenda Mutuka kuona.